Siku ya Kupitisha Jengo, Pitisheni na Fungu la Kuliendesha
Hotuba kwa Baraza la Madiwani kuhusu upanuzi wa kituo chetu cha afya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, Mkurugenzi Mtendaji, Mganga Mkuu wa Wilaya, watendaji wa kata, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, wazee wangu, na mama zangu mliokaa kule nyuma kwenye mabenchi: Assalamu alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Nawasalimu nyote.

Nashukuru kupewa nafasi hii. Kwa kawaida sauti ya mjumbe wa kamati ya kituo huishia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Maneno yake huandikwa kwenye muhtasari, na muhtasari ukifika hapa umebaki mistari miwili. Leo mmetaka mnisikie mwenyewe. Nimefanya kazi ya ukunga mpaka nikastaafu, na sasa ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo chetu, nikiwawakilisha wanaokuja kutibiwa. Nitasema ninayoyajua kutoka wodini na kutoka kwenye daftari la mapato na matumizi.

Mbele yenu kuna pendekezo la kupanua kituo: wodi ya watoto, wodi ya wanaume, na vitanda zaidi kwenye wodi ya wazazi. Naliunga mkono kwa moyo wangu wote. Akina mama wanaolala wawili kitanda kimoja hawahitaji kuelezwa kwa nini. Ninachoomba ni kitu kimoja tu, na nitakirudia mpaka mnichoke: siku mtakapopitisha fedha za kujenga, pitisheni siku hiyohiyo, kwenye kitabu hichohicho cha bajeti, fedha za kuendesha. Wodi isipate fundi kabla haijaandikiwa muuguzi, maji, umeme na dawa.

Waheshimiwa Madiwani, kazi hii ni yenu kisheria na kihistoria. Mwaka 1972 serikali za mitaa hapa Tanzania Bara zilivunjwa, na kwa muongo mzima wilaya zetu ziliendeshwa kutoka juu. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji, na pamoja nazo Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Namba 9 ya mwaka huohuo. Sheria hiyo ya tatu ndiyo iliyowapa mamlaka ya kutoza ushuru na kuamua uende wapi. Katiba nayo, katika Ibara ya 145 na 146, inasema vyombo hivi vipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo anapokuja mtu kuwaambia kwamba afya ni suala la Wizara, na ninyi kazi yenu ni kupokea, mkumbusheni kwamba zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo chetu, anawajibika kwenu.

Tunakotoka mnakujua. Mwaka 2007 nchi ilijiwekea Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule tuliokuwa tukiuita MMAM: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata, hospitali kila wilaya. Vijiji vikaanza kufyatua matofali. Maboma, yaani majengo yasiyokamilika, yakasimama kila upande, mengine mpaka leo yana mti umeota katikati. Kisha kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 zikaja fedha za kupanua vituo vya afya, shilingi milioni 400 kwa kingine, milioni 500 kwa kingine, zikijengwa kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo kituo chenyewe hununua vifaa na kuajiri mafundi badala ya kumpa mkandarasi. Kwa fedha hizo vituo vilipata jengo la upasuaji, wodi ya wazazi, maabara, nyumba ya mtumishi, jengo la kufulia. Mwaka uliofuata zikaanza hospitali 67 za wilaya, kila moja kwa bilioni 1.5 za kuanzia. Baadaye ikaja tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021, ikajenga vituo vya afya kwenye tarafa. Mwaka huohuo zikaja trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO-19, na sehemu yake ikaenda kwenye majengo ya dharura na ya wagonjwa mahututi.

Kazi hiyo imezaa matunda, na mimi niliyefanya ukunga kabla yake nayaona kuliko wengi. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikuta akina mama 556 wanafariki kwa uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikuta 104. Miaka saba tu. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo kubwa ni hii: upasuaji wa dharura ulishuka kutoka hospitalini, ukaja mpaka kituo cha afya. Mama mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama hatoki, akawa anaweza kufanyiwa upasuaji pale pale karibu na nyumbani. Na sasa kuna m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito: ukipiga 115 bila malipo, gari linatafutwa, hata kama ni la jirani mwenye Noah.

Lakini fedha zile zilizofika vituoni zilikuwa hasa za kujenga. Kila mkupuo ulikuja na ramani, na orodha ya majengo, na tarehe ya kukamilisha. Haukuja na mshahara wa mtu hata mmoja.

Nitawaeleza nilichokiona katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Jengo la upasuaji lilikuwa zuri, rangi safi, vigae mpaka nusu ya ukuta. Meza ya upasuaji ilikuwepo. Taa ya upasuaji ilikuwa bado imefunikwa nailoni iliyokuja nayo. Mashine ya kutakasia vifaa ilikuwepo pia, lakini umeme uliofika kituoni ulikuwa wa njia moja, na kila walipoiwasha, umeme ulikata kituo kizima, pamoja na jokofu la chanjo. Maombi ya umeme wa njia tatu yalikuwa yameandikwa, yamejibiwa kwa makadirio ya gharama, na makadirio hayo hayakuwa na kifungu kwenye bajeti. Mtaalamu wa usingizi hakuwepo. Daktari alikuwepo, kijana mwenye ari, lakini daktari peke yake hawezi kumpasua mama na kumlaza usingizi kwa wakati mmoja. Jokofu la damu lilikuwa linatumika kuhifadhi soda za wageni wa ukaguzi. Akina mama walipita mbele ya mlango ule wakiwa wamelazwa kwenye gari kwenda hospitali ya wilaya, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mhudumu.

Gharama ya kulifungua jengo lile ingekuwa ndogo mno ukilinganisha na fedha iliyolijenga. Umeme, mtu mmoja apelekwe kwenye mafunzo ya kutoa usingizi, mtungi wa oksijeni ujazwe kila unapoisha. Mafunzo yapo, wauguzi na matabibu wamekuwa wakifundishwa kwa kozi fupi za miezi 3, kama zilizofanyika Ifakara, wakarudi vituoni wakaokoa watu. Halmashauri ilichokosa ni mstari mmoja kwenye kitabu.

Na kituo kile hakiko peke yake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekuwa akitaja katika ripoti zake majengo ya afya yaliyokamilika yasiyotumika, na vifaa vilivyonunuliwa vikakaa stoo kwa kukosa mtaalamu au umeme. Ripoti hizo zinaletwa humu ndani. Mnazipokea na kuzijadili.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tujiulize kwa nini inatokea hivi, maana madiwani ninaowajua ni watu wenye akili na wenye uchungu na watu wao. Nadhani jibu liko kwenye jinsi bajeti yenyewe inavyopangwa. Mwongozo unazitaka halmashauri za uwezo kama wetu zipeleke angalau asilimia 40 ya mapato ya ndani yasiyolindwa, yaani yasiyo na kazi iliyokwisha kupangiwa, kwenye miradi ya maendeleo, na zile zenye mapato makubwa zaidi zipeleke 60 au zaidi. Asilimia 10 inakwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hayo ni mema. Lakini jengo linahesabika kuwa maendeleo. Mshahara wa muuguzi wa mkataba unahesabika kuwa matumizi ya kawaida, uko fungu moja na posho za vikao na mafuta ya gari. Basi diwani akitaka kuonyesha asilimia 40 imetimia, atajenga. Na jengo lina jiwe la msingi, lina picha, lina mgeni rasmi. Jokofu la damu likijazwa, hakuna anayekata utepe.

Sasa niingie kwenye hesabu ya wodi tunazotaka kujenga, kwa sababu hapa ndipo naona hatari iko karibu. Wodi ya watoto na wodi ya wazazi zitajazwa na nani? Kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 wanatibiwa kwa msamaha. Wazee wasiojiweza nao vivyo hivyo. Ni sera ya haki na naitetea popote. Lakini maana yake kwenye daftari ni kwamba tukiongeza vitanda vya watu hawa, gharama ya kituo inapanda na mapato yake yanabaki yalipokuwa. Kila mama anayejifungua anahitaji glavu, dawa ya kuzuia damu kutoka, maji, dawa ya kusafishia, mashuka yanayofuliwa. Ukiongeza vitanda maradufu bila kuongeza fungu, unawagawia akina mama wengi zaidi boksi lilelile la glavu. Likiisha, mkunga anamwandikia ndugu wa mgonjwa kikaratasi akanunue duka la dawa barabarani. Hapo msamaha umebaki kwenye bango ukutani.

Wanaolipa ni wachache. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa kila kichwa, na Serikali ikiongeza kwa utaratibu wa tele kwa tele, yaani juu ya kile mwananchi alichochanga. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa matumaini makubwa zaidi. Lakini bima hulipia huduma iliyotolewa. Kituo kisichopasua hakiwezi kudai malipo ya upasuaji. Mwenye kadi ataipeleka kwingine, na fedha itaifuata kadi.

Kuna jambo la majira pia, na hili sijawahi kulisikia likisemwa kwenye kikao cha bajeti. Mapato yetu makubwa ni ushuru wa mazao na minada. Yanaingia wakati wa mavuno, kuanzia Mei mpaka Agosti hivi. Ikifika Februari, Machi, ghala ni tupu na mnada umepwaya. Na miezi hiyohiyo ya mvua ndiyo malaria inapanda, watoto wanajaa wodini wakihitaji damu, na barabara ya kwenda hospitali ya wilaya inakatika. Kituo kinahitaji fedha wakati ambao halmashauri haina. Kwa hiyo fungu la uendeshaji ninaloliomba lisigawanywe kila robo mwaka kama keki. Sehemu kubwa itolewe Agosti au Septemba wakati fedha ipo, dawa na vifaa vya masika vinunuliwe mapema Bohari ya Dawa, viwe stoo kabla ya mvua ya kwanza. Mfamasia wetu anaweza kuwapa orodha wiki hii mkimwomba.

Nije kwenye fedha ambazo kituo chenyewe kinakusanya. Tangu 2017/18, Mfuko wa Afya wa Pamoja, ule wa Serikali na wafadhili, unapeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko majengo yote niliyoyataja. Kabla yake mganga mfawidhi alikuwa anasafiri kwenda wilayani kuomba fedha ya kununua sabuni. Sasa kamati inakaa, inapanga, inanunua, na mhasibu anaingiza kwenye mfumo. Wenzetu wa Kenya walipitia upande wa pili wa jambo hili. Baada ya ugatuzi, yaani madaraka kushushwa kwenye kaunti, hospitali nyingi zilikuwa zinakusanya fedha za wagonjwa na kuzipeleka mfuko wa kaunti, kisha zinangoja zirudi. Zilipochelewa, hospitali zilikosa hata pamba. Mwaka 2023 wakatunga sheria ya nchi nzima inayoruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yake na kuyatumia hapohapo. Nawaomba Waheshimiwa, upanuzi huu usiwe sababu ya mtu kusema mapato ya papo kwa papo ya kituo, yaani yale wagonjwa wanayolipa dirishani, yasaidie kwanza kumalizia boma. Nimesikia minong'ono hiyo. Fedha ya mgonjwa ibaki kwa mgonjwa. Boma lina fungu lake.

Na kwa kuwa nimeitaja Kenya, kaunti ya Makueni wametuachia mfano mzuri. Pale mjini Wote, makao makuu ya kaunti hiyo, walijenga hospitali ya mama na mtoto yenye vitanda 200, ikafunguliwa mwaka 2018, kwa takribani shilingi milioni 135 za Kenya. Watu walikuja kutoka kaunti nyingine kuuliza imewezekanaje kwa bei hiyo. Sehemu ya jibu ni kwamba kamati za wananchi zilisimamia miradi ya kaunti, na mkandarasi halipwi mpaka kamati iridhike. Zaidi ya hapo, kabla hata hospitali haijafunguliwa, kaunti ilikuwa tayari imeanzisha mpango wake wa huduma ya afya, kila kaya ikichangia shilingi 500 kwa mwaka na kaunti ikibeba mzigo uliobaki. Walijua nani atalipia kitanda kabla kitanda hakijaletwa.

Sasa watumishi. Mwongozo wa ikama, yaani wa idadi ya watumishi, wa mwaka 2014 ulitaka kituo cha afya kiwe na watumishi wasiopungua 39. Sitaki kuwaaibisha wakuu walioko hapa kwa kusema sisi tuna wangapi. Orodha ya zamu iko ukutani pale kituoni, nendeni mkaisome usiku mmoja. Usiku muuguzi mmoja anasimamia wodi ya wazazi na mapokezi, na mtoto akizaliwa hapumui huku mama mwingine anavuja damu, anapaswa kuchagua. Hakuna mafunzo yanayokuandaa kuchagua hivyo. Ajira mpya zinatoka Serikali Kuu, tunalijua hilo, na tunaendelea kuomba. Lakini halmashauri zinaweza kuajiri kwa mkataba kwa mapato ya ndani, na nyingine zinafanya. Vijana waliomaliza vyuo vya uuguzi tunao vijijini mwetu wakiuza vocha.

Na hata wale tunaopangiwa hawakai. Wanaripoti, wanaangalia chumba cha kupanga chenye bati linalovuja, kilomita kadhaa kutoka kituoni, wanaandika barua ya uhamisho. Kama fedha hazitoshi kwa yote matatu yaliyo kwenye pendekezo, mimi ningewaomba mwahirishe wodi ya wanaume, mjenge nyumba ya watumishi ya familia mbili nyuma ya kituo. Najua wanaume humu ndani mtaguna. Lakini mkunga anayeishi mita 50 kutoka wodini ni wodi nusu. Akigongewa saa tisa usiku, anafika.

Wananchi wako tayari. Vijiji vinne vinavyotumia kituo hiki vimeshaweka mawe na mchanga pale uwanjani, na akina mama wameahidi maji ya ujenzi. Niwaombe Waheshimiwa msilichukulie jambo hilo kirahisi. Mtu aliyesomba mchanga kichwani ana haki ya kujua saruji imenunuliwa mifuko mingapi na kwa bei gani. Force akaunti inakuja na kamati zake: ya manunuzi, ya mapokezi, ya ujenzi. Wajumbe wachaguliwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu, wasiteuliwe mezani. Na kila mwezi mapato na matumizi ya mradi yabandikwe kwenye ubao wa kijiji na kwenye mti wa kituo ambako wagonjwa wanasubiri, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa ambayo mzee mwenye macho hafifu anaweza kuyasoma. Pale ambapo wananchi walitoa nguvu zao na hawakuonyeshwa hesabu, mradi wa pili hawakuja.

Niseme neno kwa Mkurugenzi na wataalamu wake. Makampuni yanayofanya biashara katika wilaya hii yanatakiwa kisheria kulipa ushuru wa huduma, unaohesabiwa kwa asilimia ya mauzo yao. Nina hakika mnaufuatilia. Naomba tu kwamba sehemu yake itengwe waziwazi kwa uendeshaji wa kituo hiki, ili mlipaji naye ajue fedha yake inafanya nini. Mfanyabiashara akijua ushuru wake ndio unaolipa wauguzi wa zamu ya usiku, atakuwa na sababu ya kutokwepa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ombi langu kwa Baraza ni hili. Pendekezo la upanuzi likifika Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, lirudi na kiambatisho cha ukurasa mmoja kilichotayarishwa na Mganga Mkuu pamoja na kamati ya kituo, kinachoonyesha kwa kila jengo: watumishi wangapi na watatoka wapi, umeme wa aina gani na nani analipia, maji kutoka chanzo gani, dawa na vifaa vya mwaka wa kwanza kiasi gani na fungu lipi. Kiambatisho hicho kiingie kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri wa mwaka ujao wa fedha, kabla ya tarehe 1 Julai. Jengo ambalo ukurasa wake una nafasi tupu lingoje mwaka mwingine, na fedha yake iende kukamilisha lile ambalo ukurasa wake umejaa. Kamati yetu iko tayari kuanza kukaa na Mganga Mkuu kesho asubuhi, pale kituoni, chini ya mti.

Naomba kuwasilisha.